Mkaa, gesi, umeme au mabanzi: kwa baridi hii ya Mbeya upikie nini?

Wifi yangu anahamia Mbeya mwezi ujao, miaka yote kakaa Dar anapikia gesi na mkaa kidogo, juzi kanipigia simu "wifi huko ninunue jiko gani, maana nimeamua nikifika naacha mkaa kabisa, na mimi nitunze mazingira". Nikacheka. Wazo zuri tu, ila hajui mwezi wa 6 wa huku unavyogeuza watu, mtu anakuja na msimamo wake mzuri wa mazingira wiki ya pili unamkuta kaikumbatia jiko la mkaa anachoma mahindi na hataki kusogezwa. Nikaanza kumjibu kwa meseji ikawa ndefu mpaka nikachoka kuifuta futa, basi naiweka hapa yote, mwenye swali kama lake naye asome.

Mi sio mtaalamu wa nishati. Nakaa Ilomba, nyumba ya kupanga, tuko watano, na humo katikati nimepita kwenye karibu kila kitu: mkaa wa gunia, mkaa wa ndoo, mtungi mdogo, mtungi mkubwa, mabanzi ya mbao nilipokuwa Mafinga, mkaa mbadala (huo nitausimulia), na sasaivi presha kuka ya umeme. Kwa mama mkwe Tukuyu kuna biogesi ya kinyesi cha ng'ombe ambayo huwa naionea wivu kila nikienda.

Mbeya sio Dar, anza hapo

Mji huu uko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, ukipanda Isyonje au ukienda Makete ndo juu zaidi. Watu wanadhani hiyo inahusu baridi tu, hapana, inahusu na sufuria. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, huku kwetu yanachemka kwenye 94 hivi. Unaona yanatokota kabisa, mapovu yote, lakini joto lake sio lile. Kwaiyo maharage ambayo mtu wa Dar anakwambia saa moja na nusu yameiva, huku kama hujaloweka ni masaa mawili na nusu mpaka matatu, kande ndo usiseme. Alafu kuna kosa tunalifanya wote, tukiona hayaivi tunaongeza mkaa. Haisaidii chochote, maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ukiweka moto wa kuyeyusha chuma, yanakauka haraka tu unaongeza mengine ya baridi na unaanza upya.

Kitu cha pili, jiko la mkaa huku lina kazi mbili, linapika na linapasha nyumba. Ukiliondoa umeondoa na hita, na ndo maana wengi wakishanunua gesi bado ndoo ya mkaa haikosekani kona ya jikoni. Cha tatu ni maji ya kuoga, huyu ni mla nishati mkubwa kuliko tunavyokiri, nitamrudia.

Sasa ukiuliza "jiko gani bora" kwa ujumla hupati jibu, utapata ugomvi tu. Mi nimejifunza kuuliza kwa sufuria, sufuria hii ipikwe na nini, ile na nini.

Sufuria ya maharage

Hii ndo inayokata miti. Ugali na mboga za majani haviwezi kumaliza msitu, maharage na kande ndo vinakaa motoni nusu siku.

Nimepima kwa bei ninazonunulia mimi. Maharage nusu kilo, hayajalowekwa. Kwa mkaa kwenye jiko la bati yanakula kilo moja na zaidi, kwa ndoo ninayonunua mimi nikigawanya kilo moja inaangukia kama Sh 1,000. Kwa gesi, moto mdogo masaa mawili na nusu, unakula kama robo ya kilo na kidogo juu, mtungi wa kilo 6 najaza elfu 24 kwaiyo hapo ni Sh 1,000 mpaka 1,200, yani gesi kwa maharage haina nafuu yoyote na ndo maana wengi wanasema "gesi inaisha haraka", wanaipikia maharage! Kwa presha kuka ya umeme ya wati 1,000, nikaangalia mita ya LUKU kabla na baada, haikufika hata nusu unit. Dakika 50 hivi na kushusha presha. Ikishajaa presha inazima yenyewe na kuwaka kidogo kidogo, haili umeme muda wote kama watu wanavyoogopa.

Nusu unit ni shilingi ngapi? Inategemea upo tarifu gani, yani daraja gani la bei ya umeme. Mwenye D1, yule wa matumizi madogo, buku moja inampa unit kama 8.2, kwaiyo maharage yake ni Sh 60. Mwenye T1, yule wa matumizi ya kawaida, buku inampa 2.8, maharage ni Sh 180. Hata huyu wa bei kubwa bado anapika kwa chini ya moja ya tano ya mkaa. Niliporudia hii hesabu mara ya tatu ndo nikaamini, na mume wangu alirudia ya nne.

Siri ni ile ile ya mita 1,700. Presha kuka inafunga mvuke, joto ndani linapita nyuzi 100 na kuendelea, kwaiyo ule mlima wote umeuondoa. Mtu wa Dar akinunua presha kuka anapata faida, mtu wa Mbeya anapata faida mara mbili, wa Makete sijui niseme ngapi. Hata ile ya kawaida ya kuweka kwenye gesi au mkaa, ya kupiga mluzi, inasaidia sana kama umeme kwako ni wa kubahatisha, ila mpira wake uwe mzima na ile valvu uioshe, usije ukapaka maharage dari.

Ubaya wa presha kuka: bei ya kuanzia ni kubwa, umeme ukikatika katikati unabaki unaangalia, na haikupi joto la kuota. Pia chagua ya lita 6 kama mko familia, ile ndogo utaichukia mapema.

Mkaa, ila mkaa upi

Watu wanasema mkaa kama vile ni mmoja. Mkaa mwingi mzuri unaoingia hapa mjini unatoka miombo ya Chunya na chini huko Mbarali, mti mgumu, unakaa, haurushi cheche. Huo ndo tunaoupenda na ndo wenye shida, mti wa miombo umekua miaka na miaka na hakuna aliyepanda mwingine. Tanuri letu la udongo linapoteza sana, kupata kilo 1 ya mkaa unachoma kilo 6 mpaka 10 za mti. Ukibeba gunia moja, akilini mwako weka picha ya magunia mengine hayo yameshaenda moshi kule kule porini.

Wa pili ni mkaa wa miwati, wa Njombe na upande wa Mufindi. Miwati ni mti wa kupandwa, ililetwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, unakua haraka, ukikata watu wanapanda tena au unajiotea wenyewe kwa mbegu. Kama ni lazima utumie mkaa, na mi sitakudanganya kwamba hutautumia kabisa, basi uliza wa miwati. Muuzaji atakushangaa kidogo lakini wengi wanajua mzigo wao umetoka wapi. Hauwi mzito kama wa Chunya, unaisha mapema kidogo, nakubali.

Alafu jiko lenyewe. Jiko la bati tupu linatupa joto nje pande zote, jiko banifu lile lenye udongo ndani linalishika, kwa mapishi yale yale mimi ndoo iliyokuwa ikiisha siku 5 ilisogea mpaka siku 8. Bei yake haitofautiani sana na la bati. Kama hela yako mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, hii ndo hatua ya kwanza, hata kabla ya gesi. Ila angalia udongo wa ndani usiwe na ufa, na ukishamaliza kupika usimwagie maji, unapasua. Zima kwa kufunika makaa kwenye debe lenye mfuniko, kesho unayatumia tena.

Na jambo moja ambalo nalisemaga kila mwaka baridi ikianza: jiko la mkaa halilali na watu chumbani. Mwaka juzi shemeji yangu aliingiza jiko, akafunga dirisha, mkaa ulikuwa umeshakolea hauna moshi akajua salama. Tulivunja mlango asubuhi. Alipona, lakini kichwa kilimuuma wiki nzima. Ile hewa haina harufu wala moshi, ndo inavyowachukua watu.

Gesi ya mtungi

Raha ya gesi ni asubuhi. Chai, uji wa mtoto, mayai, kukaanga, kupasha kiporo, ugali wa haraka, hapo hakuna anayeigusa. Unawasha, dakika 10 umemaliza, unazima, hela inasimama hapo hapo. Mkaa hauzimiki ukishachemsha chai, unaendelea kuungua kwa hasara.

Kimazingira watu huwa wanachanganya kitu, wanadhani gesi hii ya mtungi ni ile ya Mtwara na Songosongo. Sio hiyo. Ile ya Mtwara inaenda kwenye mabomba, mitambo ya umeme na viwanda na magari, hii ya mtungi inatokana na mafuta na inaletwa kwa meli kutoka nje. Kwaiyo sio nishati ya kijani kivile, ni mafuta bado, ila haikati mti wa Chunya na haikupi moshi wa kuharibu macho na kifua. Serikali kwenye mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 inataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034, na kwa vijijini REA (wakala wa nishati vijijini) waliuza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei. Mtungi wa kwanza ni rahisi kuupata, tatizo ni kuujaza mara ya pili, mitungi mingapi nimeona imegeuzwa stuli.

Mtungi wa kilo 6 au wa 15? Kama mnapika kila siku mkubwa una nafuu kwenye kilo, lakini unahitaji hela nyingi kwa mkupuo na ukiisha tarehe 20 ndo utajua. Mi nina midogo miwili, mmoja ukiisha mwingine unashika.

Mambo mawili ya huku. Asubuhi ya baridi kali mtungi ukikaribia kuisha moto unakuwa mdogo mdogo kana kwamba umekwisha, kumbe gesi iliyobaki imepoa haitoki vizuri, jua likitoka unawaka tena. Wengine wanautumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, acha hiyo michezo. La pili pima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, jumlisha na kilo za gesi, weka kwenye mzani pale pale dukani. Niliuziwa mtungi umepungua karibu kilo nzima, kurudi muuzaji ananiambia "dada umepikia ukasahau". Tangu siku hiyo nabeba macho yangu.

Umeme kwa vitu vingine

Presha kuka nimeshaisifia inatosha. Birika la umeme nalo lipo vizuri, lita moja ya maji ya bomba letu la baridi mpaka kuchemka ni kama unit 0.1. Shilingi 12 kwa D1, 40 hivi kwa T1. Hakuna mkaa utakaokuchemshia chai kwa hiyo hela. Jiko la koili mi silipendi, linakula na linachelewa. Lile la kioo linalofanya kazi kwa sumaku ni zuri ila sufuria zetu nyingi ni za alumini na halizitambui, beba sumaku ndogo ukienda kununua sufuria, isiponasa chini acha.

Cha kuangalia ni unit 75. Mwenye D1 akivuka 75 kwa mwezi bei inaruka zaidi ya mara tatu. Maharage, birika na wali kwa siku ni kama unit 1 mpaka 1.2, kwa mwezi 30 na kitu, unabakiwa na 40 za taa, TV na simu, inawezekana kabisa kama huna friji kubwa wala pasi ya kila siku. Wapangaji mnaochangia mita moja hapo ndo ugomvi unaanzia, mkubaliane kwanza. (Na ile kodi ya jengo Sh 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi usiihesabu kwenye maharage, kuna jirani alikuja kunilaumu kwamba presha kuka imemla elfu na mia tano siku moja.)

Kuhusu umeme wenyewe kama ni safi: sehemu yake inatoka kwenye gesi asilia, sehemu kubwa ni maji, na maji hayo mengine ni ya kwetu. Mito inayoshuka Uporoto na milima ya Kipengere, Chimala, Kimani, Mbarali, inaingia Usangu, inakuwa Ruaha Mkuu, inapita Mtera, Kidatu, inaishia Rufiji kwenye bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Ruaha hiyo hiyo tangu 1993 imekuwa ikikauka kiangazi kule hifadhi ya Ruaha. Wanaosomea mambo hayo wanataja zaidi maji ya mashamba ya mpunga na mifugo Usangu kuliko mkaa, na mi sitasema vingine, ila ukikaa juu huku unaona chanzo kikifyekwa kulimwa viazi mpaka mtoni, unajua umeme wa presha kuka yako nao unaanzia pale.

Mabanzi na maranda

Hii ni ya watu wa Mafinga, Sao Hill, Njombe, Makambako. Mabanzi ni yale magamba ya pembeni mashine ikipasua gogo la msindano, na maranda ni ule unga. Ni mabaki, mti ulishakatwa kwa ajili ya mbao, usipoyachoma wewe yanachomwa lundo kiwandani bure. Kwa mazingira hapo umeshinda kuliko hata gesi. Kwa mapafu umeshindwa. Msindano una utomvu, moshi mweusi, masizi kwenye sufuria hayatoki hata kwa mchanga. Nilipokuwa Mafinga tulipikia nje kibandani kwa jiko la maranda, lile kopo kubwa unasimamisha chupa katikati unashindilia maranda pembeni, unaichomoa taratibu, linabaki tundu, unawasha chini linaungua polepole masaa matatu bila kuguswa. Kande inaiva umekaa. Kwa chumba cha kupanga mjini usijaribu, mwenye nyumba atakutoa na kopo lako.

Kama uko huko na una uwanja, mabanzi makavu kabisa, kibanda chenye upenyo, basi. Usinunue gesi kwa ajili ya kande tu ili uonekane wa kisasa.

Mkaa mbadala na ule wa makaa ya mawe

Nilinunua mkaa mbadala, ule wa mabaki yaliyoshindiliwa, kwenye banda moja Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Siku ya maonyesho uliwaka vizuri, nyumbani ukafuka moshi mpaka watoto wakatoka nje, nadhani haukuwa umekauka. Baadaye nilipata mwingine wa pumba za mpunga kutoka upande wa Mbarali, huo ulikuwa tofauti kabisa: unachelewa kushika, ukishika haubabaiki, majivu mengi. Kwaiyo nunua kidogo kwanza, vunja kipande, ukiona unyevu ndani rudisha. Kwa kande uko sawa, kwa chai ya haraka utalia.

Kuna na briketi za Rafiki za STAMICO, shirika la madini la taifa, hizo ni makaa ya mawe, ya Kiwira hapo jirani. Zinaokoa miti, kweli, na kwa shule au mgahawa zinaeleweka. Lakini ni makaa ya mawe, kaboni iliyolala ardhini unaitoa, na majivu yake usimwage kwenye mboga kama tunavyofanya na majivu ya mkaa kwenye migomba. Nyumbani kwangu siziingizi.

Biogesi, nipite haraka maana wengi hatuna ng'ombe

Mama mkwe ana ng'ombe wawili wa ndani, kila asubuhi kinyesi kama ndoo mbili tatu kinachanganywa na maji kiasi hicho hicho kinaingia shimoni, jikoni inatoka gesi ya bure, na kile kinachotoka upande wa pili kinaenda kwenye migomba na ndizi zake ukiziona utasema ndaga, asante ya Kinyakyusa. Hakuna kinachoshinda hii kwa mazingira. Gharama ya kujenga ni kubwa, na mwezi wa 6 na wa 7 gesi inapungua kwa sababu wale vijidudu vya shimoni navyo vinasikia baridi kama sisi, basi miezi hiyo anaongezea kuni. Kama una ng'ombe wawili wasiotoka na maji karibu, soma habari zake kabla hujanunua kingine chochote. Kama huna, endelea mbele.

Kapu

Hiki ndo cha bei nafuu kuliko vyote na hakitumii moto. Chukua kapu kubwa, mimi nina la milulu la Iringa, tandika blanketi kuukuu au nguo zilizochakaa chini na pembeni, maharage uliyoloweka usiku yachemshe dakika 30 na mfuniko, yaingize yakiwa bado yanatokota, funika juu na mto mnene, usifungue. Masaa manne matano unakuta yamelainika, unayarudisha kidogo kuunga. Wali unamalizikia humo humo vizuri sana. Huku kwa kuwa nje kuna baridi, kapu linahitaji kushonwa nene kuliko wanavyoonyesha watu wa pwani, yangu ya kwanza ilitoa maharage nusu mawe.

Na kapu hilo hilo likiwa dogo ndo la kwendea sokoni Sokomatola. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 mwezi wa 6 2019 watu wengi tumehamia ile mifuko laini ya rangi kama kitambaa, tukadhani tumemaliza. Ishike vizuri, ni nyuzi za plastiki zilizogandishwa pamoja tu, ukiitumia mara moja ukaitupa umerudi pale pale. Kikapu cha milulu changu kina miaka 6.

Maji ya kuoga

Ndoo ya lita 20, kutoka baridi ya asubuhi mpaka vuguvugu la kuoga, ni kama unit 0.6. Watu watano ni unit 3 kwa siku, D1 umeiaga wiki ya nne haijaisha. Kwa mkaa ni zaidi ya maharage. Hapa ndo wengi wanaohamia umeme wanakwama alafu wanasema presha kuka imewaponza, kumbe ni hita ya kuchovya.

Lakini baridi yetu ina kitu cha ajabu, inakuja na jua. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 hakuna mvua, mchana anga jeupe kabisa. Madumu yaliyopakwa rangi nyeusi, yamelazwa juu ya bati au kwenye ukuta unaopigwa na jua tangu saa 3 asubuhi, saa 10 jioni maji ni ya moto wa kuoga, sio vuguvugu. Sharti ni moja, uoge jioni. Mume wangu aligoma wiki mbili, mtu wa kuoga saa 11 alfajiri, siku hizi anagombania dumu. Mwenye nyumba yake na uwezo aweke hita ya jua juu ya paa, mpangaji madumu yanamtosha. Mwezi wa 1 na wa 2 mvua ikikaa, rudi kwenye birika uchanganye.

Basi kwa wifi nimemwambia hivi

Anapanga vyumba viwili Isyesye, umeme upo, wako watatu, hela ya kuanzia sio nyingi. Asinunue mtungi mkubwa. Presha kuka ya lita 6 kwanza, hata ikibidi auze meza ya Dar, na mtungi wake wa kilo 6 aje nao kwa ajili ya chai na kukaanga. Jiko banifu dogo moja na debe la kuzimia, mkaa wa miwati ndoo moja kwa mwezi, kwa siku umeme ukikatika. Madumu manne meusi. Kapu nitamshonea mimi. Angekuwa anaenda Mafinga ningemwambia mabanzi, angekuwa na T1 bado ningemwambia presha kuka, angekuwa kijijini bila umeme ningemwambia jiko banifu na presha ya mluzi na kapu, gesi baadaye.

Akaniuliza, "sasa wifi na kuota moto je?" Nikamwambia kabla hajafika nyumbani ashuke Mwanjelwa apite mtumba achague sweta mbili nzito na soksi za sufu. Akasema ngoja afikirie.